Sura ya Papai



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya watoto, tulimkuta kijana mmoja uani mwa parokia akiwakimbiza wenzake, kichwani amejivika boksi lililotobolewa matundu mawili ya macho. Wenzake walipiga mayowe, wakakimbia, kisha wakarudi wenyewe kudai watishwe tena. Katekista alitaka kumkemea. Tukamwomba asubiri kidogo, kwa maana boksi lile lilikuwa limekwisha kutuchukua mbali, hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mwishoni mwa miaka ya 1980, tulipokuwa watoto.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, hivyo majitu ya sinema hatukuyajua. Bidhaa za dukani zilikuwa adimu, wala hakuna mzazi kwetu aliyewaza kununua mwanasesere. Vya kuchezea tulijitengenezea wenyewe, na tulivyovipenda kuliko vyote vilikuwa vile vya kutisha. Tulikata kikonyo kirefu cha jani la mpapai, kilicho wazi ndani, tukakipuliza kama baragumu. Tulipouelekeza mlio wake ndani ya kibuyu kikavu, ulitoka mngurumo wa zimwi. Mbele ya kibatari tulikunja vidole, na ukutani wakatokea fisi na popo. Gunzi la mahindi, ambalo mchana dada zetu walilibeba mgongoni kama mtoto, usiku tulilitia macho ya makaa likawa kizee cha hadithini.

Lakini mfalme wa vitisho vyote alikuwa papai bichi. Tulilikomba ndani, tukalichonga macho na meno, tukaacha tundu juu la kutolea moshi, kisha tukawasha ndani yake kipande cha mshumaa. Mishumaa hiyo, tukiri leo, ilikuwa mabaki ya altareni, na sisi ndio tuliokuwa watumishi wa altare.

Ufundi huo wa kutisha tuliuiga kwa wakubwa. Wasomaji wa kusini mnamfahamu lipiko: kinyago cha mti mwepesi kinachovaliwa kichwani, chenye nywele za kweli za binadamu, na chale za usoni zilizotengenezwa kwa nta. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, ngozi yake isionekane. Mapiko hutoka nyakati za jando na unyago, na mengine yaliyo ya jandoni hatutayasema hapa. Inatosha kusema kwamba tulimwogopa lipiko kuliko chui, na bado ngoma ilipolia hakuna mtoto aliyekubali kubaki nyumbani.

Usiku mmoja tulimtegea mdogo wetu, aliyekuwa na miaka mitano. Tulijificha nyuma ya jiko la nje, papai likiwaka juu ya mti, kikonyo kikinguruma. Alipotokea, alisimama ghafla. Hakupiga yowe. Aliita majina yetu, moja baada ya jingine, kwa sauti ndogo. Tulimsikia vizuri. Tuliziba vinywa tusicheke, tukapuliza kwa nguvu zaidi. Ndipo alipogeuka na kukimbia gizani, akaangukia mafiga ambayo bado yalikuwa na makaa. Kovu liko katika mkono wake wa kushoto hadi leo.

Asubuhi babu hakushika fimbo. Alitukalisha chini, papai likiwa katikati yetu, limenywea na kutoa harufu.

"Mmewahi kumwona lipiko akija bila ngoma?" akauliza.

Tukasema hapana.

"Ngoma hulia ili hata anayekimbia ajue kwamba huu ni mchezo, na kwamba watu wake wapo karibu. Ninyi mmemtisha mtoto na ngoma mkamnyima."

Tulikua. Kisa kile kikageuka kichekesho cha familia. Tulikisimulia katika harusi, katika jubilei, na mara moja hata katika mahubiri, na watu wakacheka. Mwaka jana, tukiwa likizo nyumbani, tulikianza tena chini ya mkorosho. Mdogo wetu, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne, alingoja kicheko kiishe, akasema polepole: "Kaka Padre, ile sura niliisahau zamani. Nisichosahau ni kwamba niliwaita, mkanyamaza."

Wapendwa, tumeketi miaka mingi katika kiti cha kitubio tukisikiliza majuto ya wengine. Siku ile tuligundua kwamba ndugu yetu wa tumbo moja hatujawahi kumwomba radhi. Tulikuwa tumejificha nyuma ya kicheko, kama tulivyojificha nyuma ya jiko. Jioni ile tulimwomba msamaha. Hakutujibu upesi. Alilipapasa kovu lake, akatazama mashambani, kisha akasema: "Umechelewa, lakini umeitika."

Tangu hapo tunaisoma kwa jicho jingine ile habari ya mitume ziwani, katika sura ya 14 ya Mathayo. Waliona umbo likitembea juu ya maji usiku, wakadhani ni kivuli cha kutisha, wakalia kwa hofu. Bwana alisema nao mara. Upepo ulikuwa bado unavuma, giza lilikuwa bado giza, lakini sauti waliyoijua ilitangulia.

Hatuwaombei watoto wetu maisha yasiyo na hofu hata kidogo. Mchezo wa kutisha ulitufundisha kukimbia, kurudi na kucheka. Tunachohofia ni mtoto anayetazama sura za kutisha katika simu, peke yake chumbani, akiita pasipo mtu wa kuitika. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika mchezo mwema mtoto analijua zimwi lake kwa jina, na akiliita, linaitika.

Pale uani, mtoto mdogo kuliko wote alianza kulia kwa kweli. Kijana yule alilivua boksi mara moja, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Tazama, ni mimi!" Mtoto akamgusa pua, akataka kulivaa boksi yeye mwenyewe. Katekista akatutazama, naye hakukemea tena.

Juma hili basi, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani aliyeniita kwa hofu, nami nikanyamaza? Huenda bado anangoja.