Breka Nane Zisizo na Majina

Ndugu zangu wa Mwadui na Maganzo,

Juzi usiku dada yangu alinipigia simu ya video huku anahema. Soketi ya friji ilikuwa inatoa moshi na harufu ya plastiki inayoungua, naye amesimama mbele ya meni swichi, hajui aguse wapi. Akasogeza simu nione. Breka nane, zote nyeusi, zote zimepandishwa, na chini yake hakuna hata herufi moja. Nikamwambia ashushe ile kubwa ya pembeni, nyumba nzima izimike. Tulimaliza salama, yeye gizani na watoto wanalia, lakini hasira ya usiku ule ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Huku Leicester nilikopanga, sanduku la breka liko chini ya ngazi. Ni la chuma. Ukifunua kifuniko chake unakuta kila breka na kibandiko chake: taa za chini, taa za juu, soketi za jikoni, jiko. Pana na karatasi yenye jedwali: namba ya breka, inalisha nini, ampea ngapi. Taa 6, jiko 32. Kibandiko kingine kinakumbusha kubonyeza kitufe cha majaribio kila miezi 6, kuhakikisha kile kifaa kinachokata umeme unapovuja bado kinafanya kazi. Mpangaji aliyehamia jana anaweza kuzima soketi za jikoni usiku wa manane bila kumwamsha mtu.

Wala si hisani ya mwenye nyumba. Kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671, zinadai kila breka ijulikane inalinda saketi ipi. Na kwa sheria iliyoanza 2020, mwenye nyumba ya kupangisha hapa England lazima alete fundi akague umeme angalau kila miaka 5, na mpangaji apewe nakala ya ripoti.

Nyumbani je? Dari la jipsamu, taa za rangi zimezunguka, marumaru hadi barazani, halafu meni swichi inafichwa nyuma ya kalenda! Kinachoniuma ni kwamba Mwadui si mahali pa kufundishwa jambo hili. Tangu Williamson alipogundua almasi mwaka 1940, mji wetu umelelewa na mgodi. Wengi wenu mmefanya kazi humo, wengine Geita na Bulyanhulu. Mgodini fundi hagusi mtambo mpaka azime swichi yake, aifunge kwa kufuli lake na kutundika kadi yenye jina lake. Swichi anaijua kwa sababu imeandikwa. Mtu huyohuyo Jumamosi anabadilisha soketi kwake kwa kubahatisha: shusha hii, pandisha ile, "hebu angalia, imezima?" Baba wa watoto! Zizini mnamtambua kila ng'ombe kwa rangi yake, kundi zima, bila kukosea. Breka nane ziwashinde?

Breka isiyo na jina ikianguka, mtu anaipandisha tu. Ikianguka tena, anaipandisha tena, mpaka siku fundi wa mtaani atakapoondoa ile ndogo na kuweka kubwa "isisumbue". Hapo ndipo hatari ilipo. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 ukiwekewa breka ya 32, unaweza kuungua ndani ya ukuta na breka imetulia. Kukiandikwa "taa, ampea 10", anayekuja na breka ya 32 ataulizwa hata na mtoto wa darasa la tano.

Fanyeni hivi mchana, watu wawili, umeme ukiwepo. Mmoja akae kwenye sanduku, mwingine azunguke nyumba na redio ndogo, aichomeke soketi moja baada ya nyingine. Washeni taa zote. Shusha breka moja, ona kilichozimika, andika, pandisha, nenda inayofuata. Msisahau pampu ya kisima, hita ya bafuni na vyumba vya wapangaji vya uani. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu kabla ya kubandika, la sivyo karatasi itadondoka kabla ya masika. Andikeni kwa wino usiofutika, kwa Kiswahili ambacho bibi na dada wa kazi watasoma, si vifupisho vya fundi. "Chumba cha mbele kushoto", si "chumba cha Masanja", kwa maana Masanja ataoa ahame. Kava lenye skrubu msilifungue. La ndani ni la fundi. Na hata pakiandikwa vizuri, anayeshika waya apime kwanza kwa tesita.

Umeme umefika mpaka vijijini, kuunganishiwa kwa Sh 27,000, jambo la kushukuru sana, lakini TANESCO wanaishia kwenye mita. Kuanzia hapo kwenda ndani ni wewe na fundi wako. EWURA inatoa leseni kwa mafundi umeme, kwa hiyo ombeni muione. Kisha mbaki na sehemu ya mwisho ya malipo mkononi mpaka ashushe breka mojamoja mbele yenu, asome kilichoandikwa, na kilichosomwa ndicho kizimike.