Safari ya Tijuana, na Sosi ya Kutengeneza Wawili

Kama wewe na mwenzio mkitoka Ijumaa jioni huwa mnaagiza saladi ya Caesar, hebu tulia hapa kidogo. Saladi hiyo haikutoka Roma, wala haimhusu yule Kaizari wa kwenye vitabu vya historia. Ilizaliwa Tijuana, mji wa Mexico uliopakana na Marekani. Mwaka jana niliila hapohapo ilipozaliwa, na nimekuletea jinsi ya kutengeneza sosi yake jikoni kwako. Ila kwanza nikusimulie safari yenyewe, maana hatukwenda tukiwa na amani.

Mume wangu alikuwa San Diego akisoma shahada ya pili. Tulikubaliana miaka miwili. Mwaka wa kwanza tulipigiana simu kila usiku. Mwaka wa pili ikawa mara mbili kwa wiki, na nusu ya maongezi ni "umekula?" na "huko mvua inanyesha?" Nilipopata likizo ya wiki mbili kazini nikakata tiketi. Mliowahi kuishi mbalimbali mnajua inavyokuwa: siku ya kwanza mnakumbatiana uwanja wa ndege mpaka watu wanawapisha, siku ya tatu mnagombania taulo.

Siku ya tano, tukiwa tunaosha vyombo, akaniambia amepata kazi hukohuko, ya mwaka mmoja. Na ameshawajibu ndiyo.

Nikakausha sahani, nikaenda kulala. Safari ya Tijuana tulikuwa tumeshaipanga kwa ajili ya kesho yake, kwa hiyo tukaenda. Tukaenda tumenuniana.

Kuvuka kwa miguu

Kutoka katikati ya San Diego unapanda treni ya mjini, ile ya njia ya bluu, mpaka kituo cha mwisho kinachoitwa San Ysidro. Hapo unashuka na kutembea kwa miguu yako mpaka nchi nyingine. Ni moja ya njia za mpakani zenye watu wengi kuliko zote duniani, lakini kuingia Mexico kulituchukua muda mfupi tu. Foleni ndefu ni ya kurudi.

Kwa sisi wenye pasi za Tanzania kuna jambo zuri: ukiwa na viza halali ya Marekani, Mexico inakuruhusu kuingia kama mtalii bila kuomba viza yao. Ila hakikisha hiyo ya Marekani inakuruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utabaki upande wa pili ukiiangalia San Diego kwa macho. Na kwa kuwa taratibu hubadilika, ulizia kabla ya kuondoka.

Ukishavuka, unatembea kuelekea barabara maarufu ya Avenida Revolución. Muziki kila mlango, maduka ya dawa, viatu vya ngozi, wauza taco. Na pembeni ya barabara, shosti, nikaona pundamilia amefungwa kwenye mkokoteni! Nikasimama. Kuangalia vizuri, kumbe ni punda wa kawaida, kapakwa rangi mistari. Wanamwita "zonkey". Inasemekana zamani za picha nyeusi na nyeupe, watalii walikuwa wanapiga picha na punda weupe ambao hawakuonekana vizuri, ndipo wenyewe wakaamua kuwachora mistari. Jamaa akatuonyesha kwa ishara tupande tupige picha.

"Mwambie tumetoka Tanzania," nikamwambia mume wangu.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Kisha tukakumbuka kwamba tumenuniana, tukaendelea kutembea.

Pale ilipoanzia

Mkahawa unaitwa Caesar's, upo kwenye barabara hiyohiyo. Ndani ni mbao za rangi nzito, picha za zamani ukutani, na wahudumu waliovaa kiofisi utafikiri wanakwenda harusini.

Caesar Cardini alikuwa Mwitaliano aliyehamia Marekani. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe, kwa hiyo wapenda starehe wa California walikuwa wanavuka mpaka kwenda kunywa Tijuana. Cardini akafungua mkahawa huko, huku akiendelea kuishi San Diego. Binti yake, Rosa, alisimulia kwamba tarehe 4 Julai 1924, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wateja walikuwa wengi kupita kiasi na jikoni vitu vikaisha. Cardini akakusanya vilivyobaki: letasi, mayai, mafuta, jibini, mkate. Akaamua avichanganyie mbele ya wateja, ili waone shoo na wasahau kwamba chakula chenyewe ni majani.

Si wote wanaokubali. Ndugu yake Cardini, Alex, naye alidai saladi ile ni yake, na wapo wengine waliodai hivyohivyo. Hata hivyo mji umeshaifanya ni yao, na Julai 2024 walisherehekea miaka 100 ya saladi hiyo. Ajabu sana, saladi ina bethdei!

Mhudumu alisukuma meza ya magurudumu mpaka ubavuni kwetu, juu yake bakuli kubwa la mbao. Akaponda samaki wa anchovi pamoja na kitunguu saumu. Akaweka haradali, kiini cha yai, matone ya sosi ya Worcestershire, akakamua ndimu. Halafu akaanza kumimina mafuta ya zeituni, uzi mwembamba kabisa, huku mkono wa pili ukizungusha bila kusimama. Mchanganyiko ukawa mzito, rangi ya maziwa ya krimu. Nikamuuliza kwa nini anamimina kidogo hivyo. Akanijibu kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba mafuta ukiyaharakisha yanakasirika.

Mwishoni akaingiza majani ya letasi mazimamazima, akayageuza polepole, akapanga kwenye sahani na kipande cha mkate uliokaushwa. Wala haikufanana na ile tunayouziwa mjini iliyozama kwenye mayonizi. Hii ilikuwa na uchachu, chumvi kidogo, na jani linalolia mdomoni.

Kilichonishangaza ni ile ndimu. Nilitegemea limau. Kumbe Wamexico wanachokiita "limón" mara nyingi ni ndimu ndogo ya kijani, na ni tunda lilelile tunalokamulia supu na mishikaki kwetu. Asili yake ni Asia. Wafanyabiashara wa Kiarabu walilisambaza magharibi, Wahispania wakalivusha bahari mpaka Amerika. Basi nikakaa pale mbali na kwetu, nanusa ndimu ya sokoni Kariakoo, na mwanaume niliyemfuata yuko mbele yangu na sina la kumwambia.

Sosi ikakatika

Jioni ya kesho yake mume wangu alisema tujaribu wenyewe. Akanunua vitu vyote. Yeye akashika uma wa kupigia, mimi nikashika mafuta.

"Taratibu, mama," akasema.

"Wewe ndo wa kuniambia mimi taratibu? Wewe uliyesema ndiyo bila kuniuliza?"

Mkono ukainama, mafuta yakaingia kama maji ya bomba. Sosi ikakatika palepale, mafuta juu, uji wa njano chini. Tukabaki tunaitazama.

"Inarekebishika?" nikauliza.

Inarekebishika, msomaji wangu. Unachukua bakuli lingine safi na kiini kipya, halafu ile iliyokatika unaimimina humo tone kwa tone, ukipiga, kana kwamba ndiyo mafuta. Sababu yake ni rahisi. Mafuta na maji ya ndimu hayakai pamoja yenyewe. Kwenye kiini cha yai kuna kitu kinaitwa lesithini, ambacho upande mmoja kinashika mafuta na upande mwingine kinashika maji. Lakini kinahitaji muda wa kuyazungukia matone madogo madogo. Ukimwaga mengi kwa pamoja, kinazidiwa.

Kazi hiyo ya kurekebisha ilituchukua kama dakika kumi. Huwezi kuondoka, maana mmoja anamimina na mwingine anapiga. Ndipo akaniambia, bila kuinua macho, kwamba hakuniuliza kwa sababu aliogopa nitasema hapana. Nikamwambia ningelia, halafu ningesema ndiyo, na kwamba kilichoniuma si kazi, ni kuambiwa nikiwa na sahani mkononi. Tukaongea mpaka letasi ikanyong'onyea. Tukakubaliana: mwaka mmoja, Desemba ya mwaka huu anarudi, na jambo lingine lolote la namna hiyo halijibiwi na mtu mmoja.

Tengenezeni wenyewe (ya watu wawili)

Mnahitaji:
- Kiini 1 cha yai bichi na safi, kisiwe baridi ya friji
- Punje 1 ndogo ya kitunguu saumu
- Vipande 2 au 3 vya anchovi ya kopo
- Nusu kijiko cha chai cha haradali
- Nusu kijiko cha chai cha sosi ya Worcestershire
- Kijiko 1 cha chakula cha maji ya ndimu
- Vijiko 6 vya chakula vya mafuta ya zeituni
- Vijiko 3 vya chakula vya jibini ya Parmesan iliyokunwa
- Pilipili manga
- Letasi ya majani marefu, iliyooshwa na kukaushwa kabisa

Namna ya kufanya:
1. Ponda kitunguu saumu na anchovi mpaka viwe uji.
2. Ongeza kiini, haradali, Worcestershire na ndimu. Piga kwa uma mpaka vichanganyike.
3. Anza mafuta kwa matone. Sosi ikishaanza kushika, mimina uzi mwembamba. Usiache kupiga.
4. Weka jibini na pilipili manga. Onja kabla ya kuongeza chumvi, maana anchovi na jibini vina chumvi tayari.
5. Geuza majani ndani ya sosi wakati wa kula, si kabla. Ongeza vipande vya mkate uliokaangwa au kuokwa ukakauka.

Anchovi hakuna? Kwenye simulizi ya binti yake, Cardini mwenyewe hakuweka. Ile ladha ya samaki ilitoka kwenye Worcestershire, ambayo ndani yake ina anchovi. Mimi nimejaribu pia dagaa mchele wa Zanzibar, kijiko kimoja cha chai, nikawasaga laini. Hawana ule ulaini wa kopo, lakini inakubali. Letasi ikiwa na maji, sosi itateleza na kubaki chini ya bakuli, kwa hiyo ikaushe kwa kitambaa safi.

Tahadhari: yai bichi si la kila mtu. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa asile. Na wengine wote, kuleni siku hiyohiyo, msiweke kiporo.

Siku hizi Dar naitengeneza peke yangu. Mkono mmoja unamimina, mwingine unapiga, na bakuli likiachwa hivihivi linazunguka juu ya meza kama pia. Dawa yake ni kukunja kitambaa kibichi na kuliweka juu yake, linatulia. Wiki iliyopita alinipigia wakati nimeshika mafuta. Nikaweka simu kwenye spika, nikaiegemeza kwenye sukari.

"Unafanya nini?"

"Sosi."

"Nani anakushikia bakuli?"

"Kitambaa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia ameshakata tiketi, ya tarehe 14 Desemba, na kwamba safari hii ameuliza kwanza bei ya ndege inayofika asubuhi, maana anajua jioni foleni ya barabara ya uwanja wa ndege huwa inanikera.

Kitambaa nimekifua, kinakauka dirishani.