Whitburn, mji wa wachimbaji uliomlea Lewis Capaldi

Ukitoka Glasgow kwenda Edinburgh kwa barabara kuu ya M8, karibu katikati ya safari utaona kibao cha kuelekea Whitburn. Wasafiri wengi hukipita bila kupunguza mwendo. Mji huo wa jimbo la West Lothian nchini Scotland una wakazi zaidi ya 10,000, na hauna stesheni ya treni. Anayekuja kwa reli hushuka Armadale au Bathgate, kisha anamalizia kwa basi.

Hapa ndipo alipokulia Lewis Capaldi, mwimbaji na mtunzi aliyezaliwa Glasgow Oktoba 7, 1996. Familia yake ilihamia Whitburn akiwa mdogo. Baba yake alikuwa muuza samaki, mama yake muuguzi, na yeye ndiye kitinda mimba katika watoto wanne. Jina la ukoo linatoka Italia, kama yalivyo majina mengi ya familia zilizohamia Scotland miaka mingi iliyopita na kuanza maisha kwa kuuza aiskrimu au samaki na chipsi.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayepiga meza kama ngoma tangu asubuhi, safari ya kijana huyu ina mengi ya kufundisha. Ina furaha yake, na ina gharama yake.

Makaa ya mawe na mafuta ya taa

Whitburn uliishi kwa makaa ya mawe. Mgodi mkubwa wa hapo uliitwa Polkemmet. Ulijaa maji wakati wa mgomo wa wachimbaji wa mwaka 1984 na 1985, na haukufufuka. Wanaume waliozoea kushuka chini ya ardhi wakabaki bila kazi. Capaldi alizaliwa takriban miaka 10 baadaye, katika eneo ambalo watu wazima walikuwa bado wanazungumzia mgodi kama mtu anavyozungumzia ndugu aliyefariki.

Kaskazini kidogo kuna Bathgate, mji ambao bila kujua uliwahi kugusa nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Ni hapo ambapo James Young alianzisha kiwanda cha mafuta ya parafini mwaka 1851, mafuta tunayoyaita mafuta ya taa. Bathgate ndiko pia alikozaliwa mwaka 1811 James Young Simpson, mtoto wa mwoka mikate, ambaye mwaka 1847 alionyesha kuwa klorofomu inaweza kutumika kama nusu kaputi na kuwapunguzia akina mama maumivu ya uzazi. Kutoka Blackburn, mji jirani kabisa, ametoka mwimbaji Susan Boyle.

Kwa hiyo mtu kutoka miji hii midogo na kujulikana mbali si jambo geni. Kinachobadilika ni njia.

Kuimba mbele ya walevi

Njia ya Capaldi ilianzia kwenye baa. Alianza kushika ngoma na gitaa utotoni, na akiwa bado mwanafunzi mdogo alikuwa tayari anaimba kwenye baa za eneo lake. Umri wake haukumruhusu kukaa humo kama mteja. Aliingia kwa msaada wa kaka yake, akajificha hadi zamu yake, akaimba, kisha akaondoka.

Baa ya Scotland ni shule ngumu. Watu hawakuja kukusikiliza wewe. Wamekuja kunywa, kutazama mpira na kupiga soga. Msanii asiyeweza kuwafanya wageuze vichwa anamaliza wimbo wake peke yake. Wengi wanaona kwamba ule utani wake jukwaani, wa kujicheka mwenyewe kabla hajachekwa, ni tabia ya watu wa huko na ni mazao ya miaka hiyo.

Baadaye alisomea muziki katika chuo cha New College Lanarkshire huko Motherwell. Huo nao ni mji uliopoteza mhimili wake, kiwanda cha chuma cha Ravenscraig, kilichofungwa mwaka 1992. Chuo kipo kwenye ardhi hiyo hiyo. Mahali palipokuwa pakiyeyushwa chuma, sasa vijana wanajifunza fani mbalimbali, muziki ukiwemo.

Nyumbani alirekodi nyimbo kwa simu akiwa chumbani na kuziweka mtandaoni. Rekodi hizo ndizo zilizomfikia mtu aliyekuja kuwa meneja wake. Machi 2017 akatoa wimbo wa Bruises akiwa hana mkataba na kampuni yoyote ya muziki, na ukasikilizwa zaidi ya mara milioni 25 kwenye Spotify kwa kasi ambayo msanii asiye na mkataba hakuwa ameifikia kabla yake. Oktoba mwaka huo ikafuata albamu fupi ya Bloom.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Aliingia katika orodha ya BBC ya wasanii wa kuangaliwa mwaka 2018, akafungua maonyesho ya Rag'n'Bone Man na ya Sam Smith, na akajaza ukumbi wa Barrowland.

Mgeni wa Glasgow asiache kufika Barrowland. Upo mtaa wa Gallowgate, mashariki mwa jiji, karibu na soko la vitu vya mitumba. Ulifunguliwa mwaka 1934 kama ukumbi wa dansi, ukateketea kwa moto mwaka 1958, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1960. Unachukua takriban watu 2,000. Kwa mwanamuziki wa Scotland, kuujaza ukumbi huo ni kama kupewa baraka na watu wa nyumbani.

Wimbo wa msiba

Novemba 2018 ulitoka Someone You Loved. Wengi waliusikia kama wimbo wa mapenzi yaliyovunjika, lakini Capaldi ameeleza kuwa ulitokana na kifo cha bibi yake. Ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki saba mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka huo ukafika namba moja Marekani. Albamu yake ya kwanza iliyotoka Mei 2019 ndiyo iliyouzwa zaidi Uingereza mwaka huo, na tena mwaka uliofuata.

Video moja ya wimbo huo inastahili kutazamwa na familia. Mwigizaji Peter Capaldi, ndugu yake wa mbali, anaigiza mume aliyefiwa na mkewe, na moyo wa marehemu umepandikizwa kwa mama wa familia nyingine. Ilitengenezwa kwa kushirikiana na shirika linalohamasisha uchangiaji wa viungo. Machi 2021 Scotland ilianza kutumia sheria inayomhesabu mtu mzima kuwa ameridhia kuchangia viungo baada ya kifo, isipokuwa kama alikataa au yumo katika makundi yaliyoondolewa. Hata hivyo, familia bado huulizwa marehemu alitaka nini. Ndiyo maana mazungumzo ya mezani nyumbani yana uzito kuliko fomu.

Bega lililokuwa likiruka

Katika miaka hiyo ya mbio, jambo jingine lilikuwa likikua taratibu. Capaldi alikuwa akipata vipindi vya hofu kali, na bega lake lilikuwa likiruka lenyewe. Aliwahi kuogopa kuwa ana ugonjwa wa kudhoofisha mwili. Septemba 2022 akatangaza kuwa amegundulika kuwa na hali iitwayo Tourette. Alisema jibu hilo lilimpa nafuu, na kwamba akitazama mahojiano yake ya mwaka 2018 anaona dalili zilikuwepo tayari.

Tourette ni hali ya mfumo wa fahamu. Mtu hufanya miondoko au hutoa sauti za ghafla ambazo ni vigumu kuzizuia. Mara nyingi huanza utotoni, na huonekana zaidi kwa wavulana. Msongo, uchovu na hata furaha kubwa huweza kuizidisha. Haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini kuna tiba za kitabia na dawa za kupunguza dalili, na wengi hupata nafuu wakikua. Si utundu, si pepo, wala haipungui kwa kuchapwa.

Hata kabla ya kugundulika, katika ziara yake ya mwaka 2020 aliweka huduma ya kuwasaidia mashabiki wenye hofu ya umati: watu wa kuwapokea na mahali pa kutulia. Juni 2023 katika tamasha la Glastonbury sauti ilimgoma na bega likamsumbua. Maelfu ya watu wakamalizia Someone You Loved kwa niaba yake. Siku chache baadaye akatangaza kupumzika, na alirudi katika jukwaa la Glastonbury Juni 2025.

Whitburn haukuondoka katika habari hii. Filamu ya maisha yake iliyotoka mwaka 2023 inamwonyesha akiwa amerudi kwa wazazi, akitunga nyimbo za albamu ya pili kwenye kibanda cha nyumbani, mama na baba wakimtazama kwa macho yale yale ya mzazi yeyote: wanajivunia, na wana wasiwasi.

Mzazi wa mtoto mwenye kipaji huulizwa mara nyingi kama amempa vifaa, ada na nafasi. Vyote vinahitajika. Lakini pia mtazame bega lake, usingizi wake na hamu yake ya kula. Ukiona kinachorudiarudia na kumsumbua, mpeleke kwa daktari mapema. Na mlango wa nyumbani uwe wazi, siku ya makofi na siku sauti itakapogoma.