Karavani Inayosikiliza
Wengine likizo ni hoteli. Sisi ni karavani, pwani ya Wales, upepo wa bahari ukivuma mchana na usiku. Ndani, mimi na mume wangu tumetengeneza chumba cha hisia kwa ajili ya binti yetu mwenye usonji, wazo lililoanzia Uholanzi miaka ya 1970. Maikrofoni inanasa sauti, taa za LED za volti 12 zinawaka taratibu, maana zikimetameta kwa kasi zinaweza kuamsha kifafa. Usikivu wa maikrofoni tumeupunguza, la sivyo mvua ikipiga paa ni disko! Binti yetu haongei. Lakini akiguna tu, dari yote inakuwa bluu. Anacheka, anaguna tena. Jamani, kwetu hayo ni mazungumzo.