Dinosauri Katika Sanduku la Kartoni



Kila mwaka, majuma ya Majilio yanapofika, parokia zetu hazikosi mikono ya kujenga pango la Noeli. Kazi hiyo mnaijua: mawe, majani makavu, mchungaji aliyevunjika mguu tangu zamani, na kondoo aliye mkubwa kuliko ng'ombe. Kwa hiyo mkiulizwa diorama ni nini, jibu mnalo tayari. Ni mandhari iliyopunguzwa ikaenea sandukuni, ili mtazamaji ainame na kuamini kwa kitambo kwamba yuko mahali pengine. Hapa Mudzipela, wenzangu wachache nami tunaandaa mashindano ya mandhari za namna hiyo kwa ajili ya likizo kubwa, na safari hii masandukuni hamtakuwa na kondoo bali dinosauri.

Dinosauri hawakuchaguliwa na sisi. Watoto ndio waliowataka, maana wamewaona katika filamu za simu na sokoni katika vifurushi vya plastiki. Sisi wakubwa tulipewa kazi ya kutunga kanuni, nami nilidhani jioni moja ingetosha. Imetuchukua jioni tano.

Ubishi wa kwanza ulihusu mfuko wa mzazi. Tangu mwisho wa mwaka 2017 familia nyingi kutoka Djugu zimekimbilia Bunia, na baadhi ya watoto wanaokuja kwetu hulala kwa shangazi au mjomba, kumi katika chumba kimoja. Mtoto aliyetoka kijijini bila hata daftari atashindanaje na mwenzake aliyenunuliwa kifurushi kizima? Mmoja wetu alipendekeza tuwatenge: wenye wanyama wa kununua upande huu, wasio nao upande ule. Nililikataa pendekezo hilo kwa nguvu. Watoto hao wameshatengwa kwenye foleni za kutosha. Tulikubaliana kwamba kila mnyama wa plastiki atiwe katika kapu moja, kila kikundi cha watoto wanne kipigiwe kura mnyama mmoja tu, na wengine wote wafinyangwe kwa mkono. Vikundi navyo vitapangwa kwa kura. Mnyama wa kununua hana alama hata moja. Katika alama 100, ukweli wa mandhari una 40, kazi ya mikono 30, na maelezo ya mdomo 30.

Neno hilo, ukweli, ndilo lililotugharimu jioni tatu zilizobaki. Vifurushi vya sokoni husema uongo kwa furaha kubwa. Ndani yake utamkuta Tyrannosaurus amesimama kando ya Giraffatitan, kimo chao sawasawa, kana kwamba walinyweshwa mto mmoja. Giraffatitan aliishi katika nchi ambayo leo ni Tanzania yapata miaka milioni 150 iliyopita. Tyrannosaurus aliishi Amerika ya Kaskazini, naye alitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Fanyeni hesabu wenyewe: muda uliowatenga wao wawili ni mrefu kuliko muda unaotutenga sisi na Tyrannosaurus. Kwa hiyo kanuni inasema kwamba sanduku moja lina zama moja na mahali pamoja.

Kisha ikaja kanuni ya kipimo. Tumechagua 1 kwa 40, yaani mita moja ya kweli inakuwa sentimita mbili na nusu. Mtu mzima anakuwa na sentimita nne na kidogo. Giraffatitan, ambaye mifupa yake iliyounganishwa huko Berlin inafika kimo cha mita 13 hivi, anakuwa na sentimita 33 kutoka ukwato hadi utosi, na urefu wa zaidi ya nusu mita hadi ncha ya mkia. Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni, anaenea kiganjani. Ndipo mwenye mnyama wa plastiki anapogundua kwamba mnyama wake hafai kipimo, na mfinyanzi anacheka kimoyomoyo. Nakiri kwamba jambo hili lilinipendeza kupita kiasi.

Udongo wetu mwekundu unafaa, mradi uchanganywe na mchanga laini na ukaushwe kivulini polepole, la sivyo utapasuka. Shingo ya Giraffatitan lakini haifinyangwi. Ukitia kijiti ndani ya udongo, udongo hunywea unapokauka wakati kijiti hakinywei, na shingo hukatika. Shingo inatengenezwa kwa waya uliozungushiwa vipande vya karatasi ya mfuko wa simenti, vikagandishwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Gundi hiyo ni bora na haina gharama. Adui yake ni panya, ndiyo maana hakuna sanduku litakalolala ukumbini zaidi ya usiku mmoja.

Kuhusu mimea, watoto walishangaa kuliko sisi. Katika zama za Giraffatitan hapakuwa na nyasi wala migomba. Kulikuwa na kangaga, na miti ya jamii ya msonobari, na mimea mifupi inayofanana na mnazi mchanga wenye majani makavu na magumu. Jamaa wa mimea hiyo ya mwisho bado yuko katika jimbo letu: Encephalartos ituriensis, unaoota juu ya vilima vya mawe katikati ya msitu wa Ituri na kubeba jina la nyumbani kwetu. Kuung'oa ni marufuku katika kanuni zetu. Majani yake yatakatwa kutoka makopo ya maziwa.

Sasa nifike kwenye ubishi uliokuwa mzito. Tulipowaruhusu watoto wajaribu, masanduku matatu kati ya sita yalikuwa na watu wenye bunduki. Hatukushangaa, mnajua tunaishi wapi, na kwamba jimbo liko katika hali ya kuzingirwa tangu Mei 2021. Mama mmoja alitaka tukataze kila aina ya damu, hata mnyama asimwinde mwenzake. Mwalimu mmoja alijibu kwamba simba kumla swala si dhambi, na kwamba mtoto aliyeona mengi hatibiwi kwa kufichwa. Maneno yalianza kuwa makali. Kilichotuokoa ni kanuni ile kavu ya ukweli: katika zama hizo hapakuwa na binadamu. Mnyama anaweza kuwinda. Mtu hayumo, kwa hiyo bunduki haimo. Niliwaeleza watoto siku iliyofuata. Msichana mmoja, wa miaka tisa hivi, akauliza, «Hata mmoja?» Nikamwambia, «Hata mmoja.» Akawatoa watu wake watatu sandukuni, akawaponda wakawa donge, akaanza kufinyanga kobe.

Hata hivyo kulikuwa na vijana waliosema kwamba mandhari bila mtu haiwagusi. Kwa ajili yao tumeweka kundi la pili, tukaliita Wakati wa Mifupa, na hapo tunahamia Tendaguru, kilima kilichoko nyuma ya bandari ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba huko mifupa ya Giraffatitan, Kentrosaurus na wengine. Husemwa «Wajerumani walichimba», lakini majembe yalikuwa mikononi mwa mamia ya wenyeji chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 zilifika Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa, kwa sababu hapakuwa na barabara ya gari. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa Giraffatitan una urefu wa mita mbili na zaidi. Katika kipimo chetu unapita sentimita tano: mfupa mmoja ni mrefu kuliko mchukuzi wake. Nataka watoto waone hilo kwa macho. Jina la Boheti lilingoja hadi mwaka 2007 ndipo dinosauri mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Lakini hapo ukweli ulitugeukia. Kijana mmoja alisema kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla ya uchimbaji, nchi ile ilikuwa imeonja njaa, na wachukuzi wale hawakuwa wakitembea katika bustani. Kwa hiyo bunduki ina haki ya kuingia. Alisema kweli. Tukaamua kwamba vita vielezwe kwa mdomo mbele ya waamuzi na sandukuni waingie wachukuzi peke yao. Nilikubali, ingawa najua tumeuma na kupuliza.

Mzazi mmoja aliuliza kama ni halali kuwaweka wanyama hawa katika ukumbi wa parokia, ikiwa kitabu cha Mwanzo hakiwataji. Ni swali jema, na vijana wetu hulikuta shuleni bila kupewa jibu. Kanisa halimlazimishi mtu kusoma Mwanzo kama daftari la mpimaji wa miamba. Papa Pius wa 12 aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa binadamu katika waraka wa mwaka 1950, na Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1996, aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuko ya viumbe imekuwa zaidi ya dhana. Mzazi yule alisikiliza, akaomba kuwa mwamuzi. Tumempa kundi la Wakati wa Mifupa.

Kwa wale wa parokia nyingine wanaotaka kuiga: anzeni na majina. Watoto wetu walichangamka waliposikia kwamba sayansi ina dinosauri wenye majina ya Kiswahili, Shingopana wa mwaka 2017 na Mnyamawamtuka wa mwaka 2019, wote kutoka eneo la Rukwa, katika tawi lilelile la Bonde la Ufa linalopita kwenye Ziwa Albert hapa chini yetu. Anzeni mapema mchana pia, ili kila mtoto awe nyumbani kabla ya giza. Na msiwasahau kuku: ndege ni wazao wa dinosauri, na nyayo za kuku katika tope la uani ni mfano bora kuliko picha yoyote.

Limebaki suala la usafiri. Giraffatitan wa kikundi kimoja amekamilika, naye ni mrefu kuliko kiti cha nyuma cha pikipiki, na mvua za Agosti haziheshimu karatasi ya simenti. Tulijitolea kutafuta gari. Watoto wamekataa. Watamfunga kwa shuka na mianzi, na wote wanne watambeba kichwani kwa zamu hadi ukumbini.