Upanga wa Babu: Jina Feki, Chuma Orijino

Jamaa mmoja kule Marekani alirithi upanga wa Kijapani kutoka kwa babu yake. Usiku mmoja tu kabla ya kuupeleka kwa mtaalamu akafanya kosa ambalo mpaka leo linamuuma.

Babu alikuwa mwanajeshi kwenye Vita Kuu ya Pili. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, wanajeshi wengi wa Marekani walirudi nyumbani na panga kama kumbukumbu. Wa kwake ukakaa juu ya kabati miaka yote, na kila alipoulizwa jibu lilikuwa moja: huu ulitengenezwa na fundi mkubwa. Alipofariki aliacha upanga na bili za hospitali. Mama yake jamaa ndiye aliyekuwa anazilipa, kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi.

Jamaa akafanya kile ambacho kijana yeyote wa siku hizi angefanya. Akavua mpini, akapiga picha, akaposti. Kwenye msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, kulikuwa na herufi zimechongwa. Haikupita saa moja mtu akazisoma: Kotetsu. Simu ikaanza kuwaka moto! Kotetsu alikuwa mhunzi wa karne ya 17, aliyeanza kwa kutengeneza deraya za vita kabla ya kuhamia kwenye panga, na kwa wanaozijua hizo mambo jina lake ni kubwa mno.

"Mama, tumetoboa!"

Mama hakusema kitu. Ila usiku ule alitoa zile bili kwenye droo, akaanza kuzijumlisha upya.

Sasa, kuna mtu anayetaka kununua akamfuata inbox. Akamwambia herufi hazisomeki vizuri kwa sababu ya kutu, hebu asafishe kidogo. Jamaa akachukua msasa akasugua. Herufi za juu zikang'aa kama kijiko kipya. Akachoka, akasema zilizobaki atamalizia kesho yake.

Kesho yake akaenda na mama yake Chicago, kwenye maonyesho ya panga za Kijapani. Wakakaa mezani kwa mzee mmoja ambaye amezishika panga hizo maisha yake yote. Cha ajabu, mzee hakuwa na haraka na jina. Aliomba taa tu. Akaushika upanga kwa kitambaa, bila kugusa chuma kwa vidole, maana jasho la mkono huleta kutu.

Kwanza akaangalia umbo na mpindo wake. Kisha akasogeza macho karibu na ubapa, akaona mistari kama ya mbao iliyorandwa. Hiyo hutokea chuma kinapokunjwa na kugongwa mara nyingi. Halafu akafika kwenye ule mstari wa mawimbi kando ya makali. Wahunzi wa zamani walipaka udongo kwenye upanga, mnene mgongoni na mwembamba kwenye makali, wakautia motoni, kisha wakauzamisha kwenye maji. Makali yalipoa haraka yakawa magumu, mgongo ukabaki na ulaini kiasi. Mstari wa kweli ukiuinamisha kwenye taa una vipunje vinavyometameta kwa ndani. Ule wa kuchora kwa tindikali umelala tu juu juu. Wa babu ulimeta.

Akatafuta ufa unaoyakata makali kwa upana. Madoa na kuchubuka kidogo husameheka, lakini ufa wa aina hiyo huhesabiwa kuwa kifo cha upanga, hata uwe umetengenezwa na nani. Haukuwepo. Mama akashusha pumzi.

Ndipo mzee akasukuma kile kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, akauvua. Akanyamaza.

"Kijana wangu, nani kafanya hivi?"

"Mimi. Nilikuwa nasafisha."

Mzee akamweleza polepole. Panga nyingi za maofisa wakati wa vita zilitengenezwa kwa chuma cha kiwandani na kupozwa kwenye mafuta, na nyingi zina muhuri mdogo kwenye msuka. Huu haukuwa na muhuri. Lakini kinachotaja umri ni kutu. Kutu mpya ni nyekundu, inashika kidole. Kutu ya zamani ni nyeusi, laini, na hujijenga kwa mamia ya miaka. Ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga, na jamaa alikuwa amekisugua nusu.

"Na hili jina ni feki," mzee akaongeza. Kotetsu ni kati ya wahunzi walioghushiwa sana, na mkono uliochonga herufi hizi haukuwa wake.

"Kwa hiyo baba alitudanganya?" mama akauliza.

Mzee akainamisha taa kwenye herufi za chini, zile ambazo msasa haukuzifikia. Ndani ya mikato yake kulikuwa na kutu nyeusi ileile. "Hapana, mama. Uongo huu ni mzee kuliko baba yako."

Upanga wenyewe, akasema, ni wa kweli, wa zamani, na fundi wake alikuwa mzuri ila hakuweka jina lake. Kuna chama huko Tokyo, kilichoanzishwa mwaka 1948, kinachokagua panga na kutoa vyeti. Wenye jina la kughushi haupati. Wengine hulifuta jina, kisha huupeleka kama upanga usio na sahihi, na ukipata cheti bei hupanda. Akamuonya pia asithubutu kuupeleka kwenye mashine ya kunolea. Wanoaji wa jadi hutumia mawe na maji kwa wiki kadhaa, na kila wanaponoa, chuma kinachoondoka hakirudi.

Njiani kurudi mama ndiye aliyelianzisha. "Mwanangu, tulifute jina? Bili bado zipo."

Jamaa alikaa kimya muda mrefu. "Nimeshafuta vya kutosha, mama. Hizo bili tutagawana."

Sasa hivi upanga uko palepale juu ya kabati, umepakwa mafuta mepesi, na kila mwisho wa mwezi jamaa naye anatoa nusu yake. Je, ungekuwa wewe, ungelifuta? Dondosha maoni yako hapo chini.