Ziba Nyufa za Nyumba, Lakini Jiko Litoe Nje

Ukifika Keroka jioni, ndugu msomaji, pale Kisii na Nyamira zinapopakana, utafahamu mara moja kwa nini wenyeji hawaachani na makoti. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya vilima vya Nyamira vilivyojaa majani chai hupita mita 2,000. Usiku, baridi hupenya kila palipo na ufa.

Zamani Wagusii waliishi katika nyumba za msonge zenye kuta za udongo na paa la nyasi. Moto uliwashwa ndani, na moshi ukajipenyeza taratibu kwenye nyasi. Macho yaliwasha, lakini nyumba ilipumua.

Leo, pita Suneka, Ogembo au Kebirigo, utaona matofali, saruji na mabati. Baridi huingilia wapi? Tazama mwanya ulio kati ya ukuta na paa, kando ya fremu za madirisha, na chini ya mlango. Humo humo hupita mbu wa malaria, ugonjwa uliozuka kwa kishindo katika nyanda hizi za juu miaka ya 1990.

Fundi hodari huziba mwanya wa juu kwa matofali na saruji, akapigilia dari, na kujaza plasta kandokando ya fremu. Kisha huacha matundu ya hewa mahali alipopachagua mwenyewe, na kuyawekea wavu. Hewa safi na iingie kwa njia yake, si kwa kuiba.

Sasa sikiliza vyema, hasa wewe unayepeleka watoto mashambani kila Desemba. Katika nyumba iliyozibwa hivyo, usilale na jiko la makaa. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huenda asiamke. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hudanganya watu, na matundu ya ukutani hayatoshi kukuokoa. Ukihisi kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, watoe wote nje na mkimbilie hospitali.

Paa la nyasi la babu lilipitisha moshi. Dari yako haipitishi. Jiko libaki kwenye chumba cha kupikia cha nje, nawe ongeza blanketi la pili.